Ramani ya Intaneti Ianzie kwenye Nyumba, Si kwenye Mnara

Mheshimiwa Mwenyekiti, wataalamu wa ramani na takwimu, wawakilishi wa kampuni za simu, na ninyi ndugu zangu mliosafiri kutoka sehemu ambazo simu haishiki mtandao mpaka mtu apande kilimani,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna nchi inavyoweza kuchora ramani ya mahali intaneti inapofika na mahali isipofika, kwa waya na kwa simu za mkononi. Naomba nianze na zahanati moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kazi hii kuliko mafunzo yote niliyohudhuria.

Zahanati hiyo iko bondeni, na kilima kimesimama kati yake na mnara ulio karibu. Kwenye ramani tuliyokuwa nayo bonde zima lilipakwa rangi ya kijani, maana yake kampuni ilikuwa imetoa taarifa kwamba pale pana huduma ya intaneti ya simu ya kizazi cha nne (4G). Tulifika na simu mbili za kupimia, tukaziweka juu ya meza katika chumba cha dawa, tukasubiri. Ya kwanza ilisoma nguvu ya mawimbi ya dBm −121 (kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mawimbi yanavyodhoofika), kiwango ambacho simu bado inaweza kuonyesha alama ya mtandao huku haiwezi kubeba chochote cha maana. Ya pili ilikuwa imekwisha kupoteza mtandao kabisa. Muuguzi alitutazama kwa subira, kisha akatutoa nje na kutuonyesha tangi la maji lililoinuliwa juu ya matofali nyuma ya jengo. Juu ya mfuniko wake kulikuwa na alama za soli za viatu, nyingine zimekauka, nyingine mbichi. Hapo ndipo alipokuwa akipanda kila mwisho wa wiki kutuma taarifa ya zahanati. Tulipopanda sisi, simu ilisoma −108, na ilitosha mtu kugeuza mgongo tu ishuke tena. Taarifa ya kurasa mbili ilichukua dakika kumi na moja kuondoka.

Ramani ile haikuchorwa na mtu mwongo. Ilitoka kwenye programu ya kompyuta iliyopewa mahali mnara ulipo, kimo chake, masafa yanayotumika na nguvu ya mitambo, kisha ikatakiwa kukadiria mawimbi yatafika wapi. Kanuni za hesabu zinazotumika katika kazi hiyo zina asili yake. Moja inayojulikana sana ilianzia kwenye vipimo ambavyo mhandisi Okumura na wenzake walivifanya ndani na kandokando ya jiji la Tokyo na kuvichapisha mwaka 1968. Mwaka 1980 mhandisi mwingine, aitwaye Masaharu Hata, akavigeuza kuwa milinganyo mifupi ambayo kompyuta huikokotoa kwa haraka, na tangu hapo milinganyo hiyo, pamoja na mingine iliyotokana nayo, imesaidia kupanga minara katika nchi nyingi. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Hata hivyo, bonde lenye msitu na nyumba zilizotawanyika si mtaa wa Tokyo, na anayetumia kanuni hizo bila kwanza kuzirekebisha kwa vipimo vya mahali penyewe anachora nchi ya watu wengine.

Ndivyo ilivyo pia kwa sura ya ardhi. Wengi wetu tunatumia data ya miinuko iliyokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11 za Februari 2000, ambayo sasa hupatikana bure na hutoa kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Bila data hiyo tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini ukingo mwembamba wa kilima unaweza kukatwa makali kati ya nukta moja na nyingine, na mahali penye msitu mnene rada ile mara nyingi ilisoma vilele vya miti kana kwamba ndiyo ardhi. Ongeza hapo suala la masafa: mawimbi ya masafa ya chini, ya megahezi 700 au 800, husafiri mbali na kupenya kuta kwa urahisi kuliko yale ya masafa ya juu, ya gigahezi 2.6 au 3.5, kwa hiyo kampuni mbili zilizofunga mitambo kwenye mnara mmoja zaweza kuwa na maeneo ya huduma yasiyofanana hata kidogo.

Ninaeleza haya kwa kirefu ili tuelewane juu ya jambo moja. Ramani inayoanzia kwenye mnara ni makisio ya anayetoa huduma, na swali inalojibu ni hili: mawimbi yangu yanafika wapi? Swali letu sisi, tunaogawa fedha za umma na tunaotaka kujua nani ameachwa nyuma, ni jingine kabisa: nyumba hii, shule hii, zahanati hii, inapata nini? Maswali hayo mawili yana majibu mawili, na pale tunapochukua jibu la swali la kwanza tukalitumia kujibu la pili ndipo bonde zima linapopakwa kijani.

Nchi iliyolipa gharama kubwa kujifunza tofauti hiyo, na ikaacha kumbukumbu zake wazi ili sisi wengine tujifunze, ni Marekani. Ilitoa ramani yake ya kwanza ya taifa ya intaneti ya kasi Februari 2011. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kampuni za huduma ya waya zilitakiwa kutaja kila kitalu cha sensa, yaani kipande kidogo cha ardhi kinachotumika kuhesabu watu, ambamo zinatoa huduma au zingeweza kuitoa, na ilitosha kitalu kiwe na nyumba moja tu inayofikika ili chote kihesabiwe kuwa kimefikiwa. Mjini kitalu cha sensa mara nyingi ni eneo dogo lililozungukwa na mitaa, na kosa hilo halionekani sana. Sehemu zenye watu wachache kitalu kimoja kinaweza kuwa na mamia ya kilomita za mraba, na nyumba moja iliyo kando ya barabara kuu, palipopita waya, iliweza kufuta kwenye takwimu majirani zake wote wanaoishi ndani kabisa ya bonde. Watu hao hawakuitwa wasio na huduma. Kwa hesabu za serikali walikuwa nayo, na kwa sababu hiyo fedha za kuwafikishia hazikupaswa kwenda kwao.

Upande wa simu za mkononi funzo lilikuwa kali zaidi. Mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo alikuwa ameandaa ruzuku ya takriban dola bilioni 4.5 kwa ajili ya maeneo yasiyo na huduma ya kizazi cha nne, na akaziomba kampuni zimpe ramani zao ili ajue maeneo hayo ni yapi. Malalamiko yalipokuwa mengi, aliwatuma watumishi wake barabarani. Waliendesha magari karibu maili 10,000 katika majimbo 12 wakipima kasi ya mtandao wa kampuni tatu, na taarifa yao ya Desemba 2019 ikasema kwamba ni asilimia 62.3 tu ya vipimo vyao vya barabarani vilivyofikia kasi ya chini kabisa iliyotabiriwa na ramani. Mpango ule wa ruzuku uliwekwa kando. Naomba mtambue hapo kwamba waliopima walikuwa na magari, vifaa na mamlaka ya serikali, ilhali mwanakijiji aliyekuwa amesema jambo hilohilo miaka kadhaa kabla yao alikuwa na sauti yake tu.

Machi 2020 Marekani ikapitisha sheria mpya, na Novemba 2022 ikatoa toleo la kwanza la ramani iliyojengwa upya. Badala ya kuuliza habari za kitalu, ramani hiyo iliorodhesha kwanza kila jengo ambalo lingeweza kuhitaji huduma, zaidi ya majengo milioni 110, kila moja likiwa nukta yenye latitudo na longitudo yake, kisha ikaziuliza kampuni: nukta hii mnaihudumia au hapana? Kwa simu za mkononi nchi iligawanywa katika vipande vidogo vya pembe sita, na kila kampuni ikalazimishwa kutumia vipimo vinavyofanana: megabiti 5 kwa sekunde za kupakua na 1 ya kupakia kwa kizazi cha nne, na uwezekano wa asilimia 90 wa kupata kasi hiyo pembezoni mwa eneo la mnara. Aliyeona nyumba yake haipo, au ipo na imeandikiwa huduma isiyopata, aliruhusiwa kuweka pingamizi. Toleo lililofuata la mwaka 2023 liliongeza takriban nukta milioni moja. Mwezi Juni mwaka huohuo dola bilioni 42.45 ziligawiwa majimbo, na sehemu kubwa ya mgawo huo ilipimwa kwa idadi ya nukta ambazo hazijafikiwa. Nukta moja iliyokosewa ilikuwa, kwa maana halisi, fedha zilizokwenda mahali pengine.

Sisemi tuige kila kitu. Nchi nyingi hazina fedha za kununua orodha ya majengo iliyokwisha kuandaliwa, na hazina anwani za makazi za kutegemea. Lakini wazo la kuanzia kwenye nyumba liko ndani ya uwezo wetu kuliko tunavyodhani. Ramani huria ya OpenStreetMap imekuwa ikichorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004, na tangu mwaka 2021 Google imekuwa ikitoa bure mipaka ya mapaa yaliyotambuliwa kwenye picha za setelaiti, ikianzia na bara la Afrika. Mpango wa Giga ulioanzishwa mwaka 2019 na UNICEF pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano umekuwa ukitafuta mahali shule zilipo, na katika baadhi ya nchi shule zimetambuliwa kwa picha za setelaiti baada ya kukosekana kwenye ramani.

Hapo tahadhari inahitajika. Paa si kaya. Laweza kuwa ghala, banda la mifugo, au nyumba iliyohamwa zamani, na nyumba tano zilizobanana zinaweza kuonekana kama paa moja refu. Hakuna kompyuta itakayomaliza mashaka hayo ikiwa mbali. Anayeyamaliza ni mtu wa mahali hapo, anayejua kwamba lile jengo refu ni bweni na lile dogo lililo peke yake ni nyumba ya mzee mmoja. Kwa hiyo bajeti ya ramani isiyo na fungu la kuwalipa watu wa namna hiyo, hata kwa siku chache, kwangu mimi ni bajeti iliyopungua. Picha za setelaiti tunazipata bure, na maarifa ya wenyeji ndiyo tunayotaka pia yawe bure. Hilo si haki.

Sasa niseme juu ya kupima, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kwa mikono yangu. Vipimo vingi tunavyoviona kwenye ramani hutoka kwa watumiaji wenyewe, kupitia programu za simu na tovuti za kupima kasi. Ni hazina kubwa, na wapo wanaoitoa hadharani, kama M-Lab, mradi wa kupima kasi ya intaneti ulioanza mwaka 2009. Tatizo lake ni la maumbile. Mtu hupima kasi pale alipo na simu janja, bando na sababu ya kupima, hivyo mijini hujaa vipimo na mabondeni kukabaki patupu. Zaidi ya hapo, programu nyingi hutuma jibu palepale baada ya kipimo kukamilika, na mahali pasipo mtandao kipimo hakikamiliki na jibu halitumwi. Kwa njia hiyo mahali pabaya kuliko pote hapatoi ushahidi wowote dhidi yake. Sisi tulibadilisha utaratibu wetu baada ya kuligundua hilo: simu zetu huandika kila jaribio, hata lililoshindwa, pamoja na saa na mahali lilipofanyika, na kulihifadhi ndani mpaka zifike penye mtandao. Siku ya kwanza tulipofanya hivyo, majaribio yaliyoshindwa ndiyo yaliyojaa kwenye orodha, na nilikaa nayo muda mrefu nikiyasoma moja baada ya jingine, kwa sababu huko nyuma yote hayo yangekuwa yamepotea na tungeandika kwamba wastani wa kasi unaridhisha.

Kupima kwa gari nako kuna upofu wake. Gari hupita barabarani, na minara mingi hujengwa kufuata barabara. Kifaa kikiwa na antena juu ya paa la gari hupata mawimbi ambayo simu iliyo mfukoni mwa mtu ndani ya nyumba ya kuta nene haitayapata. Kasi ya saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, si ya saa mbili usiku wakati kila mtu anatumia mnara mmoja. Kwa hiyo tunashuka, tunaingia ndani kwa idhini ya wenyeji, tunapima tukiwa tumekaa pale wanapokaa wao, tunarudi jioni. Kazi huwa polepole. Kwa siku moja tunamaliza nyumba chache mno ukilinganisha na kilomita ambazo gari lingezimaliza, lakini vipimo hivyo vichache ndivyo vinavyoirekebisha ile kanuni ya kompyuta ili makisio yake katika mabonde mengine mia yakaribie ukweli. Makisio na vipimo vinahitajiana, na sitamani kuona kimoja kikifukuza kingine.

Niwaombe wenzangu wa takwimu jambo moja dogo lenye uzito: tusihifadhi rangi, tuhifadhi kasi. Marekani iliita intaneti kuwa ya kasi ikifikia megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia tangu mwaka 2015, na Machi 2024 ikapandisha kiwango hadi 100 na 20. Palipohifadhiwa ndiyo au hapana peke yake, mabadiliko ya kiwango hulazimu kazi nzima irudiwe. Palipohifadhiwa namba zenyewe, pamoja na muda wa kuchelewa kwa mawasiliano, ramani mpya hutoka kwa jioni moja.

Kampuni zilizo hapa nazo zina hoja ninayoikubali kwa sehemu. Zinasema kwamba kuchapisha kila kitu ni kumpa mshindani siri za biashara na kumwonyesha mharibifu njia ya faiba. Njia halisi za nyaya na mahali pa mitambo nyeti zibaki kwa mdhibiti. Lakini jibu la swali kama nyumba fulani inahudumiwa au haihudumiwi, tena kwa kasi gani, si siri ya biashara. Kampuni hiyohiyo hulitangaza kwenye mabango inapotafuta wateja. Nisichokubali kabisa ni kampuni kuipa serikali ramani moja kwa ajili ya ruzuku na wateja ramani nyingine kwa ajili ya mauzo.

Kuna pengo jingine ambalo ramani ya mawimbi haiwezi kulionyesha, nami sitaki tuondoke tukidhani kwamba limeonekana. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya mwaka 2024, watu bilioni 2.6 duniani, yaani karibu theluthi, walikuwa hawatumii intaneti mwaka huo, ilhali walioishi mahali pasipo kabisa mawimbi ya intaneti ya simu walikuwa asilimia 4 hivi tu. Wengine wote waliishi ndani ya kijani. Simu janja ni ghali, bando ni ghali, lugha iliyomo mtandaoni si yao, au umeme wa kuchaji haupo. Ndiyo maana kwenye fomu yetu ya nyumbani, chini ya vipimo vya kasi, tumeweka maswali machache ya kawaida: nani humu ndani ana simu inayoingia mtandaoni, na mara ya mwisho aliingia lini. Majibu hayo tunayachora kwenye ramani ya pili na kuiweka juu ya ile ya kwanza. Mahali penye mawimbi lakini watu hawaingii mtandaoni ndipo mnara mpya hautasaidia kitu, na fedha zinatakiwa zitumike kwa namna nyingine.

Nirudi kwa muuguzi wetu. Tulipeleka pingamizi kwa mdhibiti tukiambatisha vipimo vya siku tatu, vya ndani, vya uani na vya juu ya tangi, kila kimoja na saa yake. Ilichukua miezi. Kampuni ilituma fundi wake, naye akapima mwenyewe na kupata namba zinazokaribiana na zetu, na toleo jipya la ramani lilipotoka bonde lile lilikuwa jeupe. Nililichapisha kwenye karatasi na kumpelekea. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya zahanati yake, akaniuliza kwa masikitiko kama wamenyang'anywa huduma. Nilimweleza kwamba hawakuwa nayo tangu mwanzo, na kwamba kwa kuwa sasa hilo limeandikwa, bonde lake limeingia kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya maeneo yanayoweza kuombewa fedha za mfuko wa mawasiliano kwa wote. Akaomba karatasi ile aibandike ukutani, karibu na dirisha. Mnara bado haujajengwa. Wiki iliyopita taarifa yake imefika, na ukiangalia saa iliyotumwa na mahali ilipotumwa, utaona kwamba bado alipanda juu ya tangi.